Kutoka Kigoma Kwenda Songea, Kwa Nini Kupitia Dar es Salaam?

Mtu akiichukua ramani ya Tanzania, akaweka rula ncha moja Kigoma na ncha ya pili Songea, ataona mstari unaoikata nchi kutoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika hadi katika vilima vya Wangoni. Mstari huo, kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine, una urefu wa kilomita 914 hivi. Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-400, ambayo ndiyo iliyotumika kulifufua Shirika la Ndege la Tanzania mwaka 2016, huenda kwa mwendo wa kilomita 650 hivi kwa saa inapokuwa angani. Hesabu ya darasa la saba inatosha kuonyesha kwamba safari hiyo isingezidi saa moja na nusu, na ukijumlisha dakika za kupaa, za kuteremka na za kuzunguka uwanjani, labda saa moja na dakika arobaini. Msafiri angekunywa chai Kigoma, na chakula cha mchana akala Songea kabla hakijapoa.

Lakini ndege haifuati mstari huo. Msafiri wa Kigoma aendaye Songea huruka kwanza kuelekea mashariki, kilomita 1,078 mpaka Dar es Salaam, huku Songea akiiacha mbali upande wake wa kulia. Akishafika Bahari ya Hindi hurudi tena bara, safari hii kusini-magharibi, kilomita 580 nyingine. Jumla yake ni kilomita 1,658. Kati ya hizo, kilomita 744 ni za ziada, nazo ni nyingi kuliko safari nzima ya kutoka Dar es Salaam hadi Songea. Angani peke yake atakaa muda wa saa tatu. Chini, hapo Dar es Salaam, atakaa kadiri ratiba zitakavyopenda: saa mbili tatu zikipatana, usiku mzima zisipopatana, na ikiwa kesho yake si siku ya ndege ya Songea, basi atangoje zaidi. Chumba cha kulala, teksi ya kutoka na kurudi uwanjani, na chakula cha siku hiyo, vyote hulipwa na abiria mwenyewe, wala havimo katika bei iliyoandikwa kwenye tiketi.

Wapo watakaouliza, ni nani hasa huyo anayetoka Kigoma kwenda Songea? Swali hilo huulizwa na watu walioizoea nchi yao kwa kuitazama kutoka ufukweni. Jibu lake limo katika orodha ya watumishi wa halmashauri yoyote ya wilaya. Mwalimu aliyezaliwa Mbinga anafundisha Kasulu. Muuguzi wa Kibondo anafanya kazi Tunduru. Askari, mahakimu, mabwana shamba na mafundi wa maji huhamishwa kutoka kona moja ya nchi kwenda kona nyingine kila mwaka, na taifa hili lilikusudia iwe hivyo. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, na vijana wa sekondari walipokuwa wakipelekwa kusoma mikoa ya mbali na kwao, shabaha ilikuwa kumfanya kijana wa Ziwa Tanganyika aione Ruvuma kuwa ni kwake, na wa Ruvuma aione Kigoma vivyo hivyo. Kazi hiyo ilifanikiwa. Watu wakafahamiana, wakaoana, wakazaa. Leo wako kina bibi Mbinga wenye wajukuu wanaozungumza Kiha, ambao hawajapata kuwaona ila katika picha.

Ni katika msiba ndipo umbali huu hudhihirika kikatili zaidi. Simu inaingia usiku Kasulu kwamba mzee amefariki Mbinga. Kijana wake ana njia mbili. Njia ya kwanza ni basi: Kigoma, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Makambako, Njombe, Songea, takriban kilomita 1,300, kisha gari lingine kwenda Mbinga. Barabara zimetengenezwa sana, na kila anayekumbuka matope ya zamani ya Uvinza na Mpanda ataitambua tofauti. Hata hivyo hiyo ni safari ya siku mbili kwa mtu asiyepata usumbufu wowote. Njia ya pili ni ndege ya kupitia Dar es Salaam, yenye nauli mbili na pengine kulala njiani. Wazee wa Mbinga wakiwa na subira watamngoja. Ikiwa familia ni ya Kiislamu, maziko hayawezi kucheleweshwa hivyo. Kijana anafika na kuonyeshwa kaburi. Huyo amezungushwa nchi nzima, akalipa mshahara wa mwezi, na asimzike baba yake, wakati mstari wa moja kwa moja ungemfikisha kabla ya adhuhuri.

Ili kuelewa jambo hili lilikotoka, hapana budi kurudi nyuma, kwenye enzi ambayo Kigoma na Songea zilikuwa na kazi moja tu katika uchumi wa mkoloni, nayo ilikuwa kutoa watu. Mashamba ya mkonge ya Tanga na ya Morogoro yalihitaji mikono mingi kwa ujira mdogo. Wenye mashamba hawakuipata karibu, kwa kuwa watu wa karibu walikuwa na mashamba yao na masoko yao, na walijua ugumu wa kazi ile. Kwa hiyo waliitafuta mbali. Mwaka 1944 wakaunda chombo chao cha kuajiri vibarua kilichojulikana kwa jina la SILABU, na mawakala wake wakaenda hadi Uha, Ungoni na kwingineko pembezoni kukusanya vijana. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Walisafirishwa kwa malori na kwa garimoshi kama mzigo, wakamaliza vipande vyao, wakarudishwa makwao na blanketi na vijisenti.

Ndiyo kusema kwamba Mha na Mngoni walifahamiana zamani, lakini walifahamiana katika kambi za mkonge, mamia ya kilomita kutoka kwa kila mmoja wao. Kila mmoja alikuwa na njia ya kutoka kwake kwenda shambani kwa bwana. Njia ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule haikuwapo, kwa sababu hakuna bwana aliyeihitaji.

Reli ilifuata mantiki hiyohiyo. Mjerumani alianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, akaifikisha Kigoma mwaka 1914, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo wa 1905, upande wa kusini, wananchi waliinuka katika Vita vya Maji Maji, na mapema mwaka 1906 viongozi wa Wangoni wakanyongwa Songea. Kigoma ikapata reli. Songea ikapata vitanzi. Lakini hata hiyo reli ya Kigoma haikujengwa ili kumwunganisha mtu wa Kigoma na Watanganyika wenzake. Ilijengwa ili mali ya bara, na ya Kongo ng'ambo ya ziwa, iteremke bandarini. Mtu akiitazama ramani ya reli za Afrika, kutoka Dakar hadi Lobito, ataona picha moja: mistari inayotoka bara kwenda baharini, isiyogusana yenyewe kwa yenyewe.

Kwa reli, mkoloni alikuwa na udhuru. Reli ni tuta, mataruma, chuma na madaraja. Ikishajengwa mahali haihamishiki. Ndege haina udhuru huo. Hakuna daraja la kujenga kati ya Kigoma na Songea, hakuna mlima wa kutoboa, hakuna fidia ya kulipa kwa mwenye shamba la migomba. Rubani anahitaji viwanja viwili, mafuta, na amri ya mwajiri wake. Ajabu ni kwamba chombo hiki chenye uhuru wa kwenda popote kimepangwa kama kwamba nacho kinapita juu ya mataruma. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipokufa mwaka 1977, Tanzania iliunda la kwake mwaka huohuo, kwa haraka na kwa vyombo vichache, zikiwamo Fokker Friendship na Twin Otter za njia za ndani. Wakati ule wa dhiki ilikuwa haki kwamba kila ndege ilale Dar es Salaam, penye karakana na mafundi. Desturi ikabaki hata baada ya dhiki ile kupita. Hata pale ndege inapotua katika miji miwili ya mikoani kwa safari moja, kama inavyofanyika mara kwa mara, mwanzo wake ni Dar es Salaam na mwisho wake ni hapohapo.

Isisemwe basi kwamba mkoloni ndiye mwenye kosa hadi leo. Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Ratiba ya ndege huandikwa upya kila msimu, na huandikwa na Watanzania, mezani, kwa kalamu zao wenyewe.

Chama kilishalitazama tatizo hili zamani kwa upande mwingine. Mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba haifai mwananchi wa Bukoba, wa Kigoma au wa Songea aende mpaka baharini ndipo aifikie serikali yake. Uamuzi huo ulichukua miaka mingi kutimizwa. Ni tangu mwaka 2016 ndipo serikali ilipohamia huko kwa dhati. Sasa wacha rula irudi kwenye ramani. Kutoka Kigoma hadi Dodoma ni kilomita 688. Dodoma nayo iko karibu kaskazini kamili ya Songea, umbali wa kilomita 500 tu. Jumla ni kilomita 1,188, yaani pungufu ya njia ya Dar es Salaam kwa kilomita 470. Jiwe la msingi la uwanja mpya wa Msalato liliwekwa mwaka 2022. Kama uwanja huo utakuwa mlango wa viongozi wa kwenda na kurudi Dar es Salaam tu, basi makao makuu yatakuwa yamehama na njia zake zikabaki nyuma.

Lakini hata Dodoma siyo jibu zuri kupita yote. Jibu zuri liko juu ya mstari wenyewe, na inastaajabisha kwamba halijachukuliwa. Uvute mstari ule wa Kigoma hadi Songea polepole. Baada ya kilomita 225 unaukuta mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Baada ya kilomita 373 nyingine unafika Songwe, uwanja mkubwa wa Mbeya uliofunguliwa mwaka 2012. Baada ya kilomita 320 zaidi uko Songea. Jumlisha vipande hivyo vitatu: kilomita 918. Kwa maneno mengine, ndege ikitua Mpanda na ikatua Songwe, njia yake inarefuka kwa kilomita nne tu kuliko ile iliyonyooka kabisa. Miji hiyo imejipanga kama shanga juu ya uzi, na viwanja vyote vinne tayari vina lami, vilivyolipiwa na kodi ya wananchi.

Muda nao uhesabiwe bila kupendelea. Kigoma hadi Mpanda, kama dakika thelathini na tano. Mpanda hadi Songwe, kama dakika hamsini. Songwe hadi Songea, kama dakika arobaini na tano. Hizo ni saa mbili na dakika kumi. Kila kituo kipewe dakika ishirini na tano za kushusha na kupakia, na safari nzima itakuwa saa tatu. Saa tatu hizo ni sawa na zile ambazo abiria wa leo anakaa angani kwa kupitia Dar es Salaam, kabla hajahesabu hata dakika moja ya kungoja. Wakati wa kusi, safari ya kwenda itakuwa nzito kidogo kwa kuwa ndege inakwenda ikiukabili upepo wa kusini-mashariki, na ya kurudi itakuwa nyepesi. Tofauti hiyo ni ya dakika chache, na rubani yeyote anaijua. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na Songwe iko juu zaidi, hivyo mchana wa joto uzito wa mzigo hupimwa kwa makini. Hayo ni mambo ya kawaida ya kazi.

Faida ya njia hiyo haitakuwa ya yule mfiwa peke yake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya ndiyo inayotegemewa na Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Katavi na Rukwa hadi Ruvuma. Mgonjwa wa Mpanda anayehitaji daktari bingwa wa Mbeya husafiri kwa gari zaidi ya kilomita 500, siku nzima, kupitia Sumbawanga na Tunduma. Mama mwenye mtoto aliyevunjika mfupa anajua maana ya kila tuta lililoko barabarani. Kwa ndege ni dakika hamsini. Wagonjwa mahututi wataendelea kuhitaji magari ya wagonjwa na ndege maalumu, na hakuna asemaye kwamba ndege ya abiria ni hospitali. Lakini wagonjwa wengi wa rufaa si mahututi. Ni watu wanaoweza kukaa kitini, wanaokwenda kuchunguzwa na kurudi, na ambao safari yenyewe ndiyo huwafanya waahirishe mpaka ugonjwa ukomae. Pamoja nao wanasafiri daktari bingwa anayekwenda kutoa huduma wilayani, sampuli za maabara, chanjo, damu, mitihani ya shule, na vipuri vya mashine iliyosimama.

Hapa ndipo wenye mashirika watakapotoa hoja yao, nayo si hoja ya kupuuzwa. Watasema abiria hawapo. Dash 8-400 ina viti 76, na shirika la umma linalorusha viti vitupu linakula fedha ya mkulima wa kahawa wa Mbinga na ya mkulima wa michikichi wa Kigoma, ambao wengi wao hawajapata kupanda ndege. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amekwisha kuonyesha katika taarifa zake kwamba Shirika la Ndege limekuwa likiendeshwa kwa hasara. Watasema tena, na watakuwa na haki, kwamba ndege hula mafuta mengi zaidi inapopaa, hivyo kipande kifupi kama cha Kigoma na Mpanda ni ghali kwa kila kilomita; na kwamba kukusanya abiria wa kila pembe mahali pamoja, ukawagawa upya, ndiyo njia ambayo mashirika mengi duniani huitumia kujaza viti.

Hoja hiyo ina tundu moja. Abiria wa Kigoma na Songea hawaonekani kwa sababu namna ya kuhesabu imewaficha. Mtu anayetoka Kigoma kwenda Songea, katika vitabu, ni watu wawili: mmoja ni abiria wa Kigoma na Dar es Salaam, na wa pili ni abiria wa Dar es Salaam na Songea. Mwishoni mwa mwaka njia hizo mbili huonekana zina watu, na njia ya tatu, ambayo ndiyo aliyoitaka, huonekana haina mtu hata mmoja, kwa sababu haipo. Kisha hesabu hiyohiyo hutolewa kuwa ushahidi kwamba njia isianzishwe. Ni kama mtu asiyejenga daraja kwa sababu hajaona anayetembea juu ya maji. Na bado hawajahesabiwa wale waliotazama nauli mbili na usiku wa Dar es Salaam, wakaamua kupanda basi au kukaa nyumbani.

Haja ya kuanza na ndege kubwa nayo haipo. Ziko ndege ndogo za abiria kumi na wawili, kama Cessna Caravan, ambazo zimeruka sana katika anga la Tanzania zikipeleka watalii mbugani. Mwendo wake ni wa kilomita 300 hivi kwa saa, hivyo Kigoma hadi Songea ingekuwa saa tatu za angani, ukiacha vituo. Si chombo cha starehe: ni nyembamba, ina kelele, na haina choo, jambo ambalo wazee wangeambiwa mapema. Lakini viti kumi na viwili hujazwa kwa urahisi kuliko 76, na kama watalii wanapata ndege ya kwenda kutazama tembo kwa siku wanayoitaka, haieleweki kwa nini muuguzi wa serikali asipate ya kwenda kazini kwake mara mbili kwa wiki.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili bila kungoja faida. Norway ina miji midogo ya uvuvi kaskazini, iliyotenganishwa na milima na maji ya bahari, ambako biashara peke yake isingepeleka ndege. Serikali yake huzitaja njia inazozihitaji, hutangaza zabuni, na shirika linalokubali kuziendesha kwa ruzuku ndogo kuliko mengine hupewa kazi kwa muda maalumu, likiwa na masharti ya idadi ya safari na nauli. Ndege zinazotumika huko ni za jamaa hiihii ya Dash 8. Norway ni nchi tajiri, na si kila lifanyikalo huko linafaa hapa. Kinachofaa kuangaliwa ni utaratibu: ruzuku inatajwa waziwazi, kwa njia moja moja, mbele ya wananchi, badala ya kujificha ndani ya hasara ya jumla ya shirika ambayo hakuna awezaye kusema imetokana na njia ipi.

Tanzania yenyewe imewahi kuambiwa kwamba abiria hawapo na mizigo haipo. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliitazama reli ya kwenda Zambia katika miaka ya 1960, wakaona haitalipa. Kwa msaada wa China reli hiyo ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860, ikapita Makambako na Mbeya, na wakati Rhodesia ya walowezi ilipokuwa adui wa Zambia ikawa ni mlango wake. Kweli, TAZARA baadaye ilipata matatizo makubwa ya uendeshaji, na anayeitaja kwa sifa tupu hatendi haki. Lakini matatizo hayo yalikuwa ya vichwa vya treni, vipuri na utawala. Miji iliyomea kandokando ya reli ile, na mazao yaliyopata soko kwa ajili yake, ni ushahidi kwamba njia nayo huzaa wasafiri wake.

Litaulizwa pia swali la haki: je, fedha ya umma itumike kwa ajili ya wapandao ndege, wakati vijiji vingi havina hata basi la uhakika? Swali hilo lingekuwa na nguvu kama viwanja vingekuwa havijajengwa. Vimekwisha jengwa. Mpanda, Songwe, Songea na Kigoma vimewekewa lami kwa mabilioni ya shilingi, na kila siku ambayo kiwanja kinapokea ndege moja na kufungwa, fedha hiyo imelala. Kukipatia kiwanja ndege ya pili inayokipitia njiani ni gharama ndogo kuliko ile ya kukijenga. Na haidaiwi hapa kwamba mahindi ya Ruvuma yasafiri kwa ndege. Mahindi yana barabara, na reli ya kusini inayozungumzwa miaka nenda miaka rudi itayafaa zaidi siku itakapojengwa.

Linaloweza kufanyika mara moja ni dogo. Safari mbili kwa wiki, kwa mwaka mmoja wa majaribio, Kigoma, Mpanda, Songwe na Songea, kwenda na kurudi, kwa nauli isiyozidi ile ya Kigoma na Dar es Salaam peke yake. Ikionekana kipande cha Mpanda kinaleta hasara kubwa, kiwe safari moja na kiachwe safari nyingine. Ikionekana abiria wapo, uzi urefushwe hadi Mtwara, ambayo iko kilomita 505 mashariki ya Songea, karibu katika mstari mmoja, na ambayo nayo imezoea kuambiwa ipitie Dar es Salaam. Idadi ya viti vilivyouzwa itangazwe kila baada ya miezi mitatu ili wabunge wa mikoa hiyo wabishane kwa takwimu.

Kabla ya hapo kuna hesabu moja inayopasa kufanywa, na haihitaji tume wala mtaalamu kutoka nje. Majina ya abiria yamo katika kompyuta za mauzo ya tiketi. Watafutwe wote walioshuka Dar es Salaam kutoka Kigoma au Mpanda katika mwaka mmoja uliopita, wakapanda ndege ya Songea au ya Songwe siku hiyo au kesho yake. Na vilevile waliotoka upande wa kusini kwenda magharibi. Wahesabiwe kwa safari zao zote, kila mmoja kama mtu mmoja, na orodha hiyo iwekwe mezani siku ratiba ya msimu ujao itakapokuwa ikiandikwa.